Nyenzo za Kompyuta kwa Mwanafunzi wa Uzamili na Uzamivu Zanzibar: Uanze na Lipi, Ufuatishe Lipi

Mwanafunzi anayeanza shahada ya uzamili au uzamivu, awe Tunguu, Vuga, Chukwani, Bweleo au Mchangamdogo kule Pemba, aghalabu swali lake la kwanza kuhusu kompyuta huwa la programu: ataipata wapi SPSS ya kuchambulia takwimu, nani ana ArcGIS ya kuchorea ramani, ipi njia ya kuingiza marejeo bila ya kuyaandika kwa mkono. Nimekaa na wanafunzi wengi katika chumba cha kompyuta, na nimeona kwamba swali hilo huja mapema mno. Programu hupatikana, na zilizo nzuri miongoni mwao ni za bure. Visivyopatikana tena vikishapotea ni data uliyoikusanya kwa miguu yako na sura ulizoziandika usiku wa manane. Ndiyo maana mwongozo huu nimeupanga kwa utaratibu wa hasara: kile ambacho kikipotea kitakuumiza zaidi, hicho ndicho kinachotangulia.

Utaratibu huu nimefunzwa na msiba wangu mwenyewe. Nilipokuwa nikisoma uzamili nilikaa wiki sita katika vijiji vya pwani ya Pemba nikiwahoji kinamama wakulima wa mwani. Mahojiano yote yalikuwa ndani ya laptopu, na nakala yake ilikuwa katika flashi, na laptopu na flashi vilikuwa katika begi moja. Siku ya kurudi Unguja bahari ilikuwa na kusi kali, begi nililiweka chini, na maji yakaingia. Nilirudi Pemba baada ya miezi miwili, na wengi wa kinamama wale walikubali kwa wema wao kukaa nami tena. Bibi mmoja, aliyekuwa amenieleza kwa saa nzima namna walivyoanza kufunga tai-tai za mwanzo, vile vikamba vya kufungia mwani, alikuwa ameshafariki. Maneno yake sina, na hakuna mwengine aliye nayo.

Hatua ya kwanza: nakala za akiba

Kabla ya kuandika neno la kwanza la pendekezo lako, fungua folda moja tu ya tasnifu, na ndani yake ugawe sehemu tano: data ghafi, data iliyosafishwa, misimbo ya uchambuzi, maandishi, na barua pamoja na vibali vya utafiti. Data ghafi ikishaingia usiiguse tena. Ifanye iwe ya kusomwa tu, na kila marekebisho yafanyike katika nakala. Majina ya mafaili yaanze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, kama 2025-03-14, kwa sababu kompyuta huyapanga majina hayo yenyewe kwa utaratibu wa wakati, na hutakuwa na mafaili manne yanayoitwa "ya mwisho kabisa".

Kisha fuata kanuni ambayo watunza kumbukumbu wa dunia nzima wanaitumia: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe mahali pengine. Kwetu visiwani, mahali pengine pasiwe chumba cha pili cha nyumba ileile. Ikiwa unaishi Jang'ombe, nakala moja ibaki katika laptopu, ya pili iwe katika diski ya nje inayokaa kwa jamaa unayemwamini, na ikiwa una ndugu Wete au Chake Chake basi ni bora zaidi, na ya tatu iwe katika wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni. Flashi usiihesabu kuwa ni nakala. Flashi ni mjumbe wa kupeleka faili kutoka hapa hadi pale. Hupotea, huharibika bila ya onyo, na katika vyumba vya kompyuta vinavyotumiwa na watu wengi ndiyo njia kuu ya virusi kusafiri.

Nafasi ya wingu inahitaji hesabu kidogo. Akaunti ya kawaida ya Google hutoa gigabaiti 15 bure, na barua pepe zako zinakula humohumo. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa bila ya kubanwa, kwa ubora wa diski ya muziki, huchukua zaidi ya megabaiti 600, lakini saa hiyohiyo ikibanwa kwa ajili ya maneno tu hushuka hadi kiasi cha megabaiti 30. Kwa hiyo sauti asilia ibaki katika diski mbili, na iliyobanwa ndiyo ipande katika wingu. Bando lako litatosha, na nafasi haitajaa. Ikiwa mahojiano yana majina ya watu au habari za afya zao, yafunge kwanza kwa programu kama VeraCrypt, ambayo ni ya bure, halafu ndipo uyapakie.

Jambo moja ambalo karibu kila mtu hulisahau ni kuijaribu nakala. Mara moja kwa mwezi chukua diski ya akiba, ichomeke katika kompyuta nyengine, na ufungue mafaili mawili au matatu. Akiba haiozi, lakini diski huoza, na nakala isiyofunguka si nakala.

Hatua ya pili: umeme na mashine

Umeme wa Unguja hupita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara na kutua Fumba, na Pemba iliunganishwa na gridi kupitia Tanga mwaka 2010. Aliyekuwapo anaukumbuka mwezi wa Disemba 2009, waya ulipoharibika na Unguja ikakaa bila ya umeme wa gridi hadi Machi 2010. Hali ya sasa si ile, lakini umeme bado hukatika, na mwanafunzi anapaswa kupanga kazi yake kama mvuvi anavyopanga safari, yaani akijua kwamba upepo hauna ahadi.

Laptopu yenye betri nzima ni bora kuliko kompyuta ya mezani yenye nguvu zaidi. Ukiwa na kompyuta ya mezani, UPS, yaani kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika, ni sehemu ya mashine wala si pambo, hata kama itakupa dakika kumi tu za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Umeme ukikatika, chomoa chaja, na usiirudishe mpaka dakika chache baada ya umeme kurudi, kwa sababu wakati wa kurudi ndipo nguvu yake huyumba na kuunguza vifaa. Hewa ya chumvi nayo huzila taratibu nyaya za ndani. Usiiache laptopu wazi kando ya dirisha linaloelekea pwani, na kama huitumii iweke katika begi lake.

Ukinunua, tazama vitu viwili kabla ya vyengine: RAM isiyopungua gigabaiti 8, na 16 ikiwa utafanya kazi za ramani au ujifunzaji wa mashine, na diski ya SSD badala ya diski ya kuzunguka. Laptopu zilizotumika zinazouzwa mjini zinaweza kuwa nzuri, lakini usilipe kabla ya kuipima betri. Katika Windows, andika `powercfg /batteryreport` kwenye dirisha la amri. Itatoa ripoti inayoonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa imebaki na kiasi gani. Ikiwa imebaki chini ya nusu, ihesabu bei ya betri mpya katika mapatano yenu.

Uliza pia inatumia mfumo gani. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Mashine kama hiyo isitupwe. Ukiiwekea Linux Mint au Ubuntu, itafanya kazi ya uandishi na uchambuzi wa takwimu kwa miaka mengine, na virusi vya flashi vilivyotengenezwa kwa ajili ya Windows havitaisumbua.

Hatua ya tatu: akaunti ya chuo na maktaba

Katika wiki ya kwanza, kabla ya masomo hayajakubana, nenda ofisi ya TEHAMA ya chuo chako ukiwa na maswali matatu: nitapataje barua pepe ya chuo, nitaingiaje katika maktaba ya kielektroniki nikiwa nje ya chuo, na je, idara yangu ina seva ambayo mwanafunzi wa utafiti anaweza kufunguliwa akaunti. Uliza pia kama chuo kimejiunga na eduroam, mfumo unaomwezesha mtu wa chuo kimoja kutumia mtandao wa chuo chengine kwa jina lake lilelile na neno lake la siri. Ukienda Dar es Salaam au nje ya nchi kwa mwezi mmoja wa utafiti, utaijua thamani yake.

Barua pepe ya chuo si ya kupokelea matangazo tu. Ndiyo inayofungua milango ambayo anwani ya kawaida haifungui: Microsoft 365 ya elimu ikiwa chuo kimejiandikisha, kifurushi cha wanafunzi cha GitHub (hifadhi ya misimbo ya mtandaoni), na punguzo la programu kadhaa za kulipia.

Kuhusu makala za kitaaluma, hazina kubwa ambayo wanafunzi wetu hawaitumii vya kutosha ni Research4Life. Huu ni mpango unaoziunganisha taasisi za Umoja wa Mataifa, vyuo na wachapishaji, na unafungua maelfu ya majarida kwa taasisi za nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Ndani yake mna makusanyo matano: Hinari ya afya, AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya sayansi na teknolojia, na GOALI ya sheria. Tanzania imo katika kundi linaloingia bila ya malipo. Usajili ni wa taasisi, si wa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo anayekuunganisha ni mkutubi wa chuo chako. Mfuate, umsalimie, umweleze utafiti wako. Nimeona wanafunzi waliokaa mwaka mzima wakilalamika kwamba makala zimefungwa, na ufunguo ulikuwa katika meza ya mkutubi ghorofa ya chini. Na ukipewa neno la siri, usilitangaze katika makundi ya WhatsApp, kwa sababu matumizi yasiyo ya kawaida huweza kusababisha taasisi nzima kufungiwa.

Ukiwa nyumbani na huna njia ya maktaba, weka katika kivinjari chako kiongezi cha Unpaywall, ambacho hukuonyesha kama makala unayoitazama ina nakala halali ya bure mahali pengine. Kwa utafiti wa Afrika, tafuta katika African Journals Online, maana kazi nyingi za Tanzania na Kenya hazionekani vizuri katika hifadhi za Ulaya na Marekani. Ikishindikana kote huko, mwandikie mwandishi mwenyewe barua fupi ya adabu. Wengi hutuma.

Hatua ya nne: marejeo

Pakua Zotero siku ileile unayosoma makala yako ya kwanza. Ni programu huria iliyoanza mwaka 2006, inafanya kazi pamoja na Word na LibreOffice, na hukusanya taarifa za makala kwa kubofya mara moja tu katika kivinjari. Nafasi yake ya bure katika mtandao ni megabaiti 300, ambayo hujaa haraka ukipakia PDF. Kwa hiyo nenda katika mipangilio, acha taarifa za vitabu zilandanishwe, na uzuie mafaili yenyewe. PDF zako zitabaki katika folda ya Zotero ndani ya kompyuta yako, kwa hiyo iingize nayo katika nakala zako tatu.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi hasa. Majina yetu aghalabu huwa na sehemu tatu, jina la mtu, la baba na la babu, na hayana jina la ukoo kwa maana ya Kizungu. Zotero itaichukua sehemu ya mwisho na kuifanya ndiyo jina kuu, na matokeo yake mtafiti mmoja wa Kizanzibari huonekana katika orodha ya marejeo kwa sura mbili tofauti kwa sababu makala moja ililiandika jina lake refu na nyengine likafupishwa. Majina yenye "bin", "binti" au "Al-" husumbua zaidi. Amua kanuni moja pamoja na msimamizi wako, iandike mahali, na kila mara unapoingiza kazi ya mwandishi wa kwetu, fungua kumbukumbu yake na ulisahihishe jina kwa mkono. Ni kazi ya nusu dakika, na ni heshima kwa aliyefanya utafiti huo kwamba jina lake lipatikane.

Hatua ya tano: programu za kuandikia na kuchambulia

Nasema wazi: usitumie programu iliyovunjwa kufuli. Najua zinauzwa, najua bei yake ni ndogo kuliko nauli ya boti, na najua msimamizi wako huenda anaijua SPSS peke yake. Lakini aliyeivunja kufuli hakufanya hivyo kwa ajili yako, na mara nyingi ndani yake ameacha kitu cha kuibia maneno ya siri. Na hata ikiwa salama, utafiti uliofanywa kwa chombo ambacho huna haki nacho utakutia mashakani siku jarida litakapouliza umetumia toleo gani na leseni ya nani.

Kila programu ya gharama ina ndugu yake wa bure anayeweza kuibeba tasnifu. Anayetaka sura ya SPSS na kubofya menyu, atumie jamovi au JASP. Anayetaka kuyasoma mafaili ya SPSS na kuandika amri zilezile, atumie PSPP. Anayehitaji MATLAB kwa hesabu ngumu ataiona GNU Octave ikifahamu sehemu kubwa ya msimbo wake. Badala ya ArcGIS ipo QGIS, ambayo kwa maoni yangu haikosi kitu ambacho mwanafunzi wa uzamili atakihitaji. Kwa anayechambua maneno ya mahojiano kwa kuyapa vibandiko, zipo Taguette na QualCoder.

Ikiwa una muda wa kujifunza kitu kimoja tu kwa kina, jifunze R, lugha ya kompyuta ya uchambuzi wa takwimu. Iliundwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, miaka ya 1990, na sababu ya kuipendekeza si kwamba ni bure, bali ni kwamba uchambuzi wako unakuwa ni maandishi. Msimamizi akikuambia, miezi minane baadaye, kwamba uondoe kijiji kimoja katika hesabu, utaufuta mstari mmoja na kuuendesha msimbo upya, na majedwali yote yatabadilika. Aliyefanya kwa kubofya atalazimika kukumbuka kila alipobofya. Pakua R, RStudio ambayo ni dirisha la kuandikia R, na vifurushi unavyovihitaji ukiwa katika mtandao wa chuo, ili ukiwa nyumbani usilipe bando kwa ajili yake.

Kwa kuandika, Word na LibreOffice zinatosha kwa wengi, na LibreOffice ina kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili ambayo unaweza kuiongeza. Wenye milinganyo mingi ya hisabati watumie LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi kwa amri. Overleaf, inayoiendesha LaTeX ndani ya kivinjari, ni sahali kuanza nayo, lakini inahitaji intaneti wakati wote, nayo toleo la bure lina mipaka ya muda na idadi ya washirika. Ukitaka LaTeX ndani ya mashine yako, usakinishaji kamili wa TeX Live huchukua gigabaiti kadhaa. Badala yake weka MiKTeX au TinyTeX, ambazo huanza ndogo na kuongeza kifurushi pale tu kinapohitajika.

Misimbo na maandishi yakianza kuwa mengi, jifunze Git, programu ya kutunza kila toleo la mafaili yako, iliyoandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Siku moja ya kuhangaika nayo inatosha kujua amri tano utakazozitumia kila siku. Uzuri wake kwa mtandao wetu ni kwamba, kwa mafaili ya maandishi, hupeleka yale yaliyobadilika tu, kwa hiyo hata mtandao dhaifu wa simu huweza kuihifadhi kazi ya siku nzima katika GitHub au GitLab. Usiweke humo sauti wala picha kubwa. GitHub hukataa faili linalozidi megabaiti 100.

Hatua ya sita: hesabu zinazoishinda laptopu

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikadhoofika kwa siku kadhaa. Hata katika siku za kawaida bando ni ghali na kasi hubadilika. Kutokana na hali hiyo naishika kanuni moja: usiilete data kwenye hesabu, ipeleke hesabu kwenye data.

Mfano ulio wazi ni picha za setilaiti. Picha moja ya Sentinel-2 huweza kuwa na megabaiti mia kadhaa, na mwanafunzi anayechunguza mikoko ya Ghuba ya Chwaka kwa miaka kumi angehitaji mamia ya picha. Google Earth Engine, ambayo kwa utafiti usio wa biashara hutumiwa bure baada ya kusajili mradi, inazo picha hizo zote katika seva zake, pamoja na za Landsat kuanzia miongo iliyopita. Wewe unaandika msimbo mfupi unaosema nataka eneo hili, miezi hii, uondoe mawingu, na kinachorudi katika laptopu yako ni ramani ndogo au jedwali. Landsat hupima kwa mita 30, na Sentinel-2 kwa mita 10 katika mikanda yake mikuu. Chagua miezi ya kiangazi, kwa sababu wakati wa masika utaona mawingu zaidi kuliko pwani.

Anayefanya kazi ya pwani azingatie na maji. Setilaiti ya Sentinel-2 hupita juu yetu mnamo saa nne na nusu hadi saa tano asubuhi, na siku za bamvua, saa hiyo maji aghalabu huwa yamekupwa, ilhali siku za maji mafu hali ni nyengine kabisa. Ukilinganisha picha ya kupwa na picha ya kujaa utaona "mabadiliko" makubwa ya nyasi za bahari na mashamba ya mwani ambayo hayakutokea. Jedwali la maji liwe kando yako unapochagua tarehe, na mtu yeyote wa Paje au Jambiani atakueleza kwa nini. Kwa kazi inayohitaji kuona nyumba moja moja au mti mmoja mmoja, tafuta picha za droni zilizopigwa kuanzia mwaka 2016 katika kazi ya kuchora ramani ya Zanzibar nzima, ambayo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilishiriki, na ambazo sehemu yake imewekwa wazi katika OpenAerialMap.

Kwa ujifunzaji wa mashine, Google Colab na Kaggle hukupa kwa njia ya mtandao GPU, yaani kichakata cha kufanya hesabu nyingi kwa pamoja, bila ya malipo, kwa mipaka. Kikao cha Colab cha bure hakizidi saa 12, na hukatwa mapema ukiondoka. Kaggle huhesabu saa zako kwa wiki. Kwa hiyo usianze mafunzo ya modeli yatakayochukua usiku mzima bila ya kuandika msimbo unaoihifadhi modeli kila baada ya muda mfupi, ili ukikatwa uendelee ulipofika, usirudi mwanzo.

Ikiwa idara yako au msimamizi wako ana seva, hiyo ni bora kuliko zote, hata kama ni ya zamani. Utaingia kwa SSH, njia salama ya kuitumia seva ukiwa mbali, ambayo kwa kazi hii hubeba maandishi tu na hutosheka na mtandao wa simu ulio dhaifu kabisa. Mara unapoingia, andika `tmux` kabla ya kuanza kazi yoyote. Amri hii hukufungulia kikao kinachokaa katika seva yenyewe. Umeme ukikatika nyumbani kwako, hesabu inaendelea kule, na ukirudi utaandika `tmux attach` na kuikuta pale pale ulipoiacha. Sijui amri nyengine iliyowaokolea wanafunzi niliowafahamu usiku mwingi zaidi kuliko hii.

Hatua ya saba: sauti za Kiswahili

Kunukuu saa moja ya mahojiano kwa mkono huchukua saa nne au zaidi. Tangu mwaka 2022 ipo Whisper, modeli ya OpenAI iliyotolewa wazi, ambayo inakifahamu Kiswahili na inaweza kuendeshwa ndani ya mashine yako bila ya intaneti, na hili la mwisho ndilo muhimu, kwa sababu sauti ya mtu aliyekuamini haiondoki mikononi mwako. Toleo lake dogo (small) huhitaji kiasi cha gigabaiti 2 za memori ya GPU, na kubwa (large) kiasi cha 10. Kwa laptopu isiyokuwa na GPU tumia whisper.cpp, uiache ifanye kazi usiku.

Matarajio yawe ya kweli. Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya lahaja ya Kiunguja, Whisper hukiandika vizuri kiasi. Kimakunduchi, Kipemba cha vijijini na Kitumbatu huivuruga, na kibaya zaidi haiachi pengo bali huweka neno la sanifu linalofanana kwa sauti. Msomaji asiyesikiliza sauti hatajua kwamba neno limebadilishwa. Kwa hiyo sikiliza mahojiano yote huku ukisoma, na maneno ya lahaja yarudishe kama yalivyosemwa. Ikiwa fomu ya ridhaa uliyowasomea wahojiwa haikutaja kwamba sauti itapelekwa katika seva za nje, basi Colab nayo haifai kwa kazi hii.

Kuhusu wasaidizi wa akili mnemba wanaojibu maswali, watumie kueleza kosa la msimbo au kulainisha aya ya Kiingereza ikiwa kanuni za chuo chako zinaruhusu. Usiwaombe marejeo. Hutunga makala zisizokuwepo kwa majina ya waandishi wa kweli, na kila rejeo walilokupa lazima ulifungue kwa nambari yake ya DOI, yaani utambulisho wake wa kudumu mtandaoni, kabla ya kuliandika.

Hatua ya nane: kabla ya kuondoka chuoni

Akaunti ya chuo hufungwa, wakati mwengine ghafla. Miezi mitatu kabla ya mahafali, pitia kila huduma uliyoifungua kwa barua pepe ya chuo, yaani Overleaf, GitHub, Zotero, Earth Engine na wingu, na uongeze anwani yako binafsi. Fungua ORCID ikiwa hujafungua. Ni nambari ya bure ya mtafiti inayokutambulisha hata jina lako likiandikwa kwa sura tatu, na uiandikishe kwa anwani binafsi tangu mwanzo. Ikiwa umeweka ulinzi wa hatua mbili unaotuma nambari kwa simu, chapisha karatasi ya nambari za dharura uiweke pamoja na vyeti vyako, kwa sababu laini ya simu nayo hupotea.

Data isiyokuwa na siri za watu, pamoja na misimbo yako, ipakie Zenodo, hifadhi inayoendeshwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, tangu mwaka 2013. Hupokea hadi gigabaiti 50 kwa kila rekodi bila ya malipo, na hukupa DOI itakayotajwa na watakaokuja baada yako. Andika maelezo yake kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mahojiano yenye majina yasiende huko. Hayo yafunge kwa neno la siri, mkabidhi msimamizi wako nakala moja kwa maandishi kama kibali chako kinavyoelekeza, na nakala za vijijini, zile ambazo wenyewe waliomba wabakishiwe sauti za wazee wao, zirudishe mwenyewe kwa mkono, kila nyumba ipate ya kwake.